Tunajenga kwa kuni, tunalala kwa joto

Ndugu msikilizaji, mchele wa Kilombero unaujua. Ndio ule ambao muuzaji wa Dar es Salaam atakuapia kwamba umetoka Ifakara hata kama gunia lake halijawahi kuuona mto Kilombero. Lakini mpunga unapofika kwenye mashine ya kukoboa, si wote unaopanda lori kuja mjini. Katika kila kilo 100 za mpunga, kama kilo 20 hivi ni ganda, yaani zile pumba ngumu, na hizo hubaki kule kule. Hurundikwa nyuma ya mashine mpaka zinakuwa vilima. Nyingine huchukuliwa na wafugaji wa kuku wakatandaze mabandani, na nyingine hutiwa moto hapo hapo ili ipatikane nafasi ya kumwaga za kesho.

Leo nataka tuzungumze juu ya nyumba, na nimeanza na pumba kwa makusudi.

Duniani kuna mjadala mkubwa kuhusu majengo. Hesabu za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kwamba kujenga majengo na kuyatumia huchangia zaidi ya theluthi moja ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati na viwanda, hewa ile inayotanda angani kama blanketi na kuiongezea dunia joto. Kwa ajili hiyo wananchi wa Ulaya wanahimizwa wazibe nyufa, wajaze ndani ya kuta vitu vya kuzuia baridi, na wabadili mitambo ya kupasha nyumba joto. Ushauri huo unamfaa mtu wa Stockholm. Mtu wa Kibaoni au Viwanja Sitini pale Ifakara hana mtambo wa kupasha nyumba joto. Angekuwa nao angeuuza.

Isitoshe, umeme anaoutumia hauna moshi mwingi. Sehemu kubwa ya umeme wa Tanzania hutokana na maji na gesi asilia. Mitambo ya Kidatu na ya Kihansi ni majirani zake, na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mto huu huu wa Kilombero. Balbu tatu na feni moja haziwezi kumtia mtu hatiani. Hewa ya ukaa ya nyumba yake imo ukutani, kwenye jamvi na juu ya paa. Imekwisha kutoka kabla yeye hajahamia.

Hebu tuanze na ukuta.

Mvua za masika zikikatika, na mpunga ukiwa umevunwa, mafundi wa bonde la Kilombero huanza kufyatua matofali. Udongo huchimbwa, hukandwa, hutiwa kwenye kibao, na tofali huanikwa. Yakikauka hupangwa kuwa tanuri, lenye matundu chini ya kuingizia magogo, kisha hukandikwa udongo kwa nje. Moto huwashwa na kuchochewa usiku na mchana, siku mbili hata tatu. Wakati wa msimu huo ukipita barabarani utaona matanuri yanafuka kila upande, na kando yake magogo: miti ya porini, na mara nyingine miembe mizee iliyokuwa ikiwapa watu kivuli na maembe.

Tanuri la namna hiyo hula kuni vibaya. Joto jingi hupotea hewani. Matofali ya katikati huungua mpaka yanapinda, na ya pembeni hubaki mabichi, ukiyanyeshea mvua mbili yanarudi kuwa udongo. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu humeza matofali kati ya 6,000 na 10,000, kutegemea ukubwa. Kwa hiyo nyuma ya kila nyumba mpya unayoiona ikimeta kwa bati, kuna miti iliyolala chini mahali fulani, na mahali hapo si mbali sana na milima ya Udzungwa inayoyalisha maji mito ya bonde hilo. Msikilizaji wa Dar es Salaam, usidhani habari hii haikuhusu. Vijito vikikauka juu kule, bwawa la Rufiji halina pengine pa kwenda kukopa maji.

Hata hivyo, sitaki mtu amcheke mjenzi wa Ifakara wala kumwita mharibifu wa mazingira. Anajua anachokikimbia. Ifakara iko kwenye tambarare ya mafuriko, na mvua ikipita kiasi, mto Lumemo huingia mjini. Nyumba ya miti na udongo ikisimama majini siku tatu huanguka, na watoto huhamia kwa shangazi. Ya matofali ya kuchoma hubaki imesimama. Mtu aliyepoteza nyumba mara moja hahitaji semina ya kumweleza tofauti.

Tena kuna historia. Mwaka 1977, alipoitazama safari ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwasuta wananchi waliokuwa wakidharau tofali la kuchoma na vigae huku wakisubiri bati na saruji, kana kwamba saruji ni udongo uliobarikiwa kwa kuwa ulitoka Ulaya. Tofali la kuchoma tumelikubali, Mwalimu. Bati na saruji hatukuviacha vilevile. Lakini tukumbuke kwamba katika sensa ya mwaka 1978 tulikuwa watu milioni 17 na nusu, na katika sensa ya mwaka 2022 tulikuwa zaidi ya milioni 61. Sensa hiyo ya 2022 ilihesabu na majengo pia, ikakuta zaidi ya milioni 14. Ushauri ambao msitu ungeweza kuuvumilia mwaka 1977, leo hauwezi kutolewa bila kuuliza: tofali hilo litachomwa kwa nini?

Na hapo ndipo ninapoona jambo la kushangaza katika sera zetu. Serikali imelivalia njuga suala la kuni za jikoni. Tangu Januari 2024 taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilikatazwa kutumia kuni na mkaa, na Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema. Lakini shule ile ile iliyoambiwa iondoe kuni jikoni, ikitaka darasa jipya, wazazi huchangishwa matofali, na matofali hayo huchomwa kwa magogo nyuma ya uwanja wa mpira. Mkaguzi wa jikoni hapiti nyuma ya uwanja.

Sasa turudi kwenye zile pumba. Kilo moja ya pumba kavu hutoa joto lisilopungua sana lile la kilo moja ya kuni. Mashine inayokoboa magunia 100 ya kilo mia mia kwa siku huacha kama tani mbili za pumba. Mashine hizo Ifakara si moja wala mbili. Na hewa ya ukaa inayotoka pumba zikiungua ni ile ile ambayo mpunga uliivuta kutoka hewani msimu uliopita, na ambayo mpunga wa msimu ujao utaivuta tena. Gogo la mti wa miaka hamsini likiungua, itabidi usubiri miaka hamsini, na hiyo ni endapo kuna mtu aliyepanda mwingine.

Kuchoma matofali kwa pumba si uvumbuzi wa profesa. Mafundi wa sehemu mbalimbali zinazolima mpunga wanaijua kazi hiyo. Ila inataka utaratibu tofauti. Pumba hazisukumwi kwenye tundu kama gogo. Hutandazwa kati ya safu za matofali wakati wa kupanga, na kuzungushiwa kwa nje, kisha moto hutambaa polepole. Huchukua siku nyingi zaidi, na fundi mwenye haraka huona anacheleweshwa. Njia nyingine ni kuchanganya pumba kidogo ndani ya udongo wenyewe kabla ya kufyatua, ili tofali liungue kutoka ndani. Tofali hilo huwa jepesi, na huzuia joto vizuri zaidi. Ukizidisha pumba, linakuwa dhaifu kama mkate, kwa hiyo kipimo ni lazima kijaribiwe kwa udongo wa mahali husika. Udongo wa Mang'ula si udongo wa Lipangalala.

Wapo watakaosema hayo ni mambo madogo madogo yasiyoweza kuendesha ujenzi wa mji. Watazame basi Kidatu, katika bonde hilo hilo, ambako kiwanda cha sukari cha Kilombero huchoma makapi ya miwa ili kupata mvuke wa kuendeshea mitambo yake. Hakuna anayeliita hilo jambo dogo. Au watazame jirani zetu wa Rwanda. Huko, katika mradi uliofadhiliwa na Uswisi kwa ajili ya nchi za Maziwa Makuu, watengeneza matofali walisaidiwa kuacha matanuri ya kienyeji na kutumia matanuri yasiyopoteza joto, yakilishwa mabaki ya mazao zikiwamo pumba za mpunga na maganda ya kahawa. Kadhalika wajenzi walifundishwa kupanga matofali kwa ubavu, yakiacha uwazi katikati ya ukuta. Ukuta wa namna hiyo hutumia matofali machache, na uwazi ule huzuia joto la jua lisipenye ndani. Mji wa Kigali una majengo yaliyojengwa hivyo, na hayaonekani kuwa ya watu maskini.

Niseme kidogo juu ya saruji, maana wengi hufikiri kwamba ukiacha tofali la kuchoma na kujenga kwa bloku za saruji umeuokoa msitu na mambo yamekwisha. Msitu umeuokoa, ni kweli. Lakini saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwa joto la nyuzi kama 1,450. Jiwe la chokaa limefungia hewa ya ukaa ndani yake, na likiungua huiachia. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya kiwanda cha saruji hutoka katika jiwe lenyewe, si katika kile kinachochochea moto. Ndiyo sababu saruji peke yake huchangia kama asilimia 7 au 8 ya hewa yote ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Na mfuko uliotoka Wazo jijini Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 400 kwa lori la dizeli kabla ya kufika Ifakara. Bei yake huifahamu vizuri anayelipa.

Hatuwezi kujenga bila saruji kabisa, hasa msingi, na hasa mahali penye mafuriko. Linalowezekana ni kuitumia pale panapoilazimu. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001 na kurithi kazi iliyoanza tangu mwaka 1971, umehimiza kwa miaka mingi tofali la kufungamana. Hilo ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kama sehemu moja kwa kumi hivi, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Halichomwi kabisa. Huloweshwa maji kwa siku kadhaa likakomaa, na hupangwa likishikana lenyewe, hivyo hata mchanganyiko wa kujengea hupungua. Udongo mweusi wa mashamba ya mpunga haufai kwa kazi hiyo kwa kuwa hupasuka ukikauka. Udongo mwekundu wa miguuni pa milima hufaa. Na majivu ya pumba, nayo hayatupwi. Yana silika nyingi, na yakichomwa kwa joto la kadiri na kusagwa laini yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji kwenye mchanganyiko.

Nimesema ukuta na saruji. Limebaki paa, na hapa jambo linamgusa hata yule asiyejali habari za tabianchi.

Nyumba ya zamani ya makuti au nyasi ilikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa. Hewa ilipita, na mbu walipita. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamefanya kazi miaka mingi wakieleza jinsi mbu wa malaria wanavyotumia uwazi huo kama mlango wao. Nyumba ya kisasa imeuziba kwa matofali na kuweka bati. Mbu wamepungua, ni faida kubwa. Lakini bati lililopigwa na jua la Novemba pale Ifakara, bila dari, na uwazi umezibwa, hugeuza chumba kuwa tanuri jingine. Saa tatu ya usiku watu bado wako nje barazani, na ndiyo saa ya mbu. Wakiingia ndani, mtoto anasukuma chandarua kwa sababu ya joto. Mwenye uwezo anaanza kufikiria kiyoyozi, na hapo ndipo ule umeme wetu wa maji utakapoanza kutotosha.

Kumbe si lazima kuchagua kati ya joto na mbu. Katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, wasanifu majengo na watafiti wa afya walijenga nyumba za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa, madirisha na nafasi zote zikiwa na wavu, nyingine zikiwa za ghorofa moja ili watu walale juu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nyumba hizo zilikuwa na ubaridi wa nyuzi kama mbili zaidi ya nyumba za kawaida, na mbu walioingia katika zile za ghorofa walipungua kupita kiasi. Baadaye mkoani Mtwara zikajengwa nyumba 110 za familia kwa fikra hiyo hiyo, zikitumia zege kidogo kuliko nyumba ya kawaida ya bloku.

Si kila mtu atajenga ghorofa. Lakini wavu kwenye uwazi wa juu badala ya tofali, dari hata ya mkeka, upenu mrefu unaokinga ukuta wa magharibi, bati la rangi nyeupe badala ya lile jekundu au la bluu linalopendwa siku hizi, na mwembe ule ule uliotaka kukatwa ukaachwa pale ulipo: hayo fundi wa kawaida anayaweza. Bati jeupe linaonekana kama la zahanati, najua. Zahanati ni mahali pa kupona.

Na mtaa nao je? Ifakara ni tambarare, na kwa miaka mingi umekuwa mji wa baiskeli. Mama alikwenda sokoni kwa baiskeli, mwalimu shuleni kwa baiskeli. Miji tajiri inatumia fedha nyingi kutafuta kile Ifakara ilichokuwa nacho bure. Sasa viwanja vinapimwa mbali, mji unatambaa kuingia mashambani, na aliyehamia pembeni hana budi kupanda bodaboda. Mpimaji anayeacha njia ya baiskeli yenye kivuli na kiwanja cha soko katika kila mtaa mpya anapunguza moshi kuliko mhadhara wa siku tatu.

Swali lililobaki ni la kasi. Nani anaweza kulisukuma jambo hili likaenda upesi? Nadhani si mwenye nyumba mmoja mmoja. Mjenzi mkubwa kuliko wote katika kila wilaya ni Serikali. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchini kwa muda wa miezi michache. Fikiria kama michoro na masharti ya fedha hizo yangesema: tofali lililochomwa kwa pumba au lisilochomwa linapokelewa kwanza, na lililochomwa kwa magogo halipokelewi bila kibali cha misitu. Mafundi wangejifunza wakiwa wanalipwa, na fundi aliyejifunza kwenye darasa la shule hurudi kujenga vivyo hivyo kwa jirani yake. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifanikiwa kwa sababu watu hawakuishia kusikiliza. Walikaa katika vikundi na kuchimba vyoo.

Kuna tahadhari moja. Pumba ambazo leo hutupwa, kesho zikihitajika zitakuwa na bei. Tayari wapo wanaozitengenezea mkaa mbadala, na mwenye mashine si mjinga. Halmashauri inayotaka matofali ya shule zake yachomwe kwa pumba, na ikae sasa na wenye mashine pamoja na vikundi vya mafundi, wakubaliane bei, mahali pa kuzihifadhi zisilowe, na matanuri yawe karibu na mashine, kwa maana pumba ni nyepesi na kuzisafirisha mbali ni kusafirisha hewa. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya mavuno. Ikifika Julai, matanuri yatakuwa yamekwisha kupangwa, na magogo yatakuwa yamekwisha kuletwa.